Usingizi, Zawadi Iliyosahaulika: Afya ya Uzazi ya Mwanaume na Wajibu wa Kupumzika



Zaburi ya 127 ni fupi, nayo husikika mara nyingi katika adhimisho la ndoa na katika jubilei za familia zetu. Aya yake ya pili inamwonya mtu anayejihimu alfajiri na kuchelewa kulala kwa sababu ya hangaiko la riziki, ikimkumbusha kwamba usingizi nao ni kipaji ambacho Mungu huwapa wale awapendao. Aya ya tatu, ikifuata papo hapo, inawataja watoto kuwa ni urithi utokao kwa Bwana. Usingizi na watoto vimewekwa jirani katika sala moja. Mtunzi wa Zaburi hakuwa tabibu, wala hatutaki kumlisha maneno asiyoyasema. Hata hivyo, ujirani huo unatupa nafasi njema ya kulitafakari jambo ambalo wataalamu wa afya wamelichunguza kwa makini katika miaka ya karibuni: uhusiano uliopo kati ya usingizi wa mwanaume na afya yake ya uzazi.

Kwa nini tunalizungumza jambo hili

Katika ofisi zetu za parokia, na katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, tunakutana na wanandoa waliokaa miaka mitatu, mitano au zaidi bila kujaliwa mtoto. Mara nyingi tunapowasikiliza tunagundua kwamba mke amekwisha kuzunguka hospitali kadhaa, amepimwa, amekunywa dawa, na amebeba masimango ya mawifi na majirani. Lakini mume hajapimwa hata mara moja. Neno “tasa” limekwisha kubandikwa juu ya mke kabla ya ukweli kujulikana. Baadhi ya ndoa hizo huishia kwa mke kurudishwa kwao, au kwa mume kutafuta mtoto nje ya ndoa, jambo linalovunja agano alilolifunga mbele ya altare.

Ukweli wa kitabibu ni tofauti na mazoea yetu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takribani mtu mmoja kati ya watu wazima 6 hukutana na tatizo la kutopata mtoto katika kipindi fulani cha maisha yake. Wataalamu wanakubaliana pia kwamba katika karibu nusu ya wanandoa wenye tatizo hilo, sababu iko upande wa mwanaume, ama peke yake ama pamoja na sababu iliyo upande wa mke. Kwa hiyo, kumpima mke peke yake ni kutafuta nusu ya jibu.

Sababu za upande wa mwanaume ni nyingi: maambukizi ya zamani kama kisonono na klamidia yasiyotibiwa vizuri, matubwitubwi yaliyompata baada ya kubalehe, mishipa iliyovimba katika korodani, sigara, pombe kupita kiasi, unene uliozidi, kisukari, na nyinginezo. Usingizi ni mojawapo tu ya mambo yanayohusika. Tumeuchagua kwa sababu hutajwa mara chache, na kwa sababu ni jambo ambalo familia nyingi zinaweza kuanza kulishughulikia bila gharama kubwa.

Kazi inayofanyika wakati mwanaume amelala

Tumezoea kudhani kwamba mtu aliyelala amesimamisha kazi zote. Sivyo Muumba alivyoupanga mwili. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayotuma ishara kwa tezi iitwayo pituitari, nayo pituitari hupeleka homoni zake kwa njia ya damu hadi kwenye korodani. Huko hutengenezwa homoni kuu ya kiume, testosteroni, pamoja na mbegu za kiume. Testosteroni huhusika na hamu ya tendo la ndoa, nguvu za misuli, uimara wa mifupa, na uzalishaji wa mbegu.

Homoni hii haikai katika kiwango kimoja saa 24. Huanza kupanda mtu anapolala, huendelea kupanda katika saa za kwanza za usingizi, na kufikia kilele karibu na asubuhi. Kisha hushuka taratibu mchana. Ndiyo maana daktari anayetaka kuipima humwambia mgonjwa afike asubuhi, na aghalabu hurudia kipimo siku nyingine kabla ya kutoa uamuzi. Kinachoipandisha hasa ni usingizi wenyewe: hata mtu anayelala mchana homoni yake hupanda akiwa usingizini. Lakini usingizi ukiwa mfupi, au ukikatika-katika, kazi hiyo hukosa muda wa kutosha.

Mbegu za kiume nazo zina utaratibu wake. Hutengenezwa kila siku kwa mamilioni, lakini mbegu moja huhitaji siku zipatazo 74 tangu kuanza kutengenezwa hadi kukamilika, na siku nyingine kadhaa za kukomaa na kusafiri katika mirija. Kwa maneno mengine, mbegu za leo zinabeba habari za maisha ya mwanaume ya miezi mitatu iliyopita. Jambo hili lina mafundisho mawili. Kwanza, usiku mmoja au miwili ya kukesha haiharibu uzazi wa mtu. Pili, anayebadili mwenendo wake leo asitegemee kuona matunda wiki ijayo. Anahitaji uvumilivu wa miezi mitatu au zaidi.

Yale ambayo tafiti zimeonesha

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa vijana 10 wa kiume wenye afya njema. Vijana hao walilala saa 5 tu kila usiku kwa muda wa siku 8. Mwishoni, kiwango chao cha testosteroni wakati wa mchana kilikuwa kimeshuka kwa asilimia 10 hadi 15. Ili tuelewe uzito wake, umri peke yake humpunguzia mwanaume homoni hii kwa asilimia 1 hadi 2 hivi kwa mwaka. Wiki moja tu ya usingizi mfupi ilifanana, kwa kipimo hicho, na kuongezewa miaka kadhaa.

Mwaka 2013 ulitolewa utafiti mwingine kutoka Denmark, uliowahusisha vijana 953. Wale waliokuwa na matatizo makubwa ya usingizi walikutwa na msongamano wa mbegu ulio chini kwa asilimia 29 kuliko wale waliokuwa na matatizo madogo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, waliowafuatilia wanandoa wa Amerika Kaskazini waliokuwa wakitafuta mtoto, walieleza kwamba pale mume alipolala chini ya saa 6, uwezekano wa mke kupata mimba katika kila mzunguko ulikuwa mdogo kuliko pale mume alipolala saa 8.

Yatupasa kusoma matokeo haya kwa busara. Utafiti wa Chicago ulikuwa na watu wachache. Ule wa Denmark ulionesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, bila kuthibitisha kwamba moja limezaa jingine. Mtu mwenye msongo wa mawazo, kwa mfano, anaweza kukosa usingizi na pia kudhoofika uzazi kwa sababu ileile. Hakuna daktari mwaminifu atakayeahidi kwamba ukilala saa 8 utapata mtoto. Tunachoweza kusema kwa haki ni hiki: usingizi wa kutosha ni sehemu ya afya ya uzazi, na kuudharau ni kujinyima msaada ambao Mungu ameuweka ndani ya miili yetu.

Kukoroma si jambo la kuchekwa

Katika nyumba nyingi mume anayekoroma hugeuzwa kuwa mzaha. Kukoroma kwa kawaida si ugonjwa. Lakini ipo hali ambapo njia ya hewa hujiziba mtu akiwa amelala, pumzi husimama kwa sekunde 10 au zaidi, kisha mtu hushtuka na kuvuta hewa kwa nguvu, halafu hulala tena. Hayo hujirudia mara nyingi usiku kucha, na mwenyewe hajui. Asubuhi huamka na kichwa kizito, na mchana husinzia kazini, garini, hata wakati wa mahubiri.

Hali hii huwapata zaidi wanaume wenye unene uliozidi na shingo nene. Hupandisha shinikizo la damu na kuuchosha moyo. Nayo huambatana mara kwa mara na upungufu wa testosteroni na udhaifu katika tendo la ndoa. Hapa mke ndiye shahidi mkuu. Akiona pumzi ya mumewe inasimama usiku, asinyamaze kwa aibu wala kwa kuona ni jambo la kawaida. Amweleze kwa upole, nao waende pamoja kwa daktari. Kupunguza uzito na kuacha pombe kabla ya kulala huwasaidia wengi, na yapo matibabu kwa wale ambao hali imewazidi.

Wale wanaokesha kwa ajili yetu

Tunaposema juu ya usingizi, hatuwezi kuwasahau wale ambao kulala usiku si chaguo lao: walinzi, wauguzi, madereva wa malori na mabasi, waendesha bodaboda, wafanyakazi wa migodini, na ndugu zetu wavuvi wa dagaa wanaoingia Ziwa Victoria kwenye giza la mwezi na taa zao. Kumwambia baba wa namna hiyo “lala mapema” ni kumwongezea mzigo. Yeye amekubali kukesha ili watoto wale.

Kwao tunasema mambo mawili. La kwanza linawahusu waajiri, wakiwemo waajiri Wakatoliki, na taasisi zetu wenyewe zenye walinzi na wahudumu wa afya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi haki ya kupumzika saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na inamtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi ya usiku. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alikwisha kufundisha kwamba muda wa kazi na wa mapumziko sharti upimwe kulingana na uzito wa kazi na nguvu za mtu. Mlinzi anayefanyishwa zamu ya usiku na ya mchana kwa kuunganisha ananyang'anywa zaidi ya jasho lake. Ananyang'anywa afya ya ndoa yake.

La pili linazihusu familia. Baba akirudi alfajiri kutoka kazini, usingizi wake wa mchana uheshimiwe kama tunavyouheshimu wa usiku. Chumba kifanywe cha giza kwa pazia zito, redio ipunguzwe, watoto wafundishwe kucheza mbali kidogo, na wageni waelezwe bila kuona haya. Kumlinda baba aliyelala ni tendo la upendo, kama ilivyo kumtengea chakula.

Njia za mkato zinazopoteza

Wanaume wengi wanapoona dalili za udhaifu hukimbilia “dawa za nguvu za kiume” zinazouzwa stendi, mitandaoni, na hata milangoni mwa nyumba zetu. Hatuna budi kuonya. Baadhi ya dawa za aina hiyo, zikitumiwa pamoja na dawa fulani za moyo, huweza kushusha shinikizo la damu kwa ghafla na kumwua mtu. Nyingine haijulikani zina nini ndani yake. Na sindano za testosteroni, ambazo vijana huchomwa ili kujenga misuli au kurudisha nguvu, zina madhara ambayo wengi hawayajui: ubongo ukiona homoni inatoka nje huacha kutuma ishara zake, na korodani hupunguza au kusimamisha kabisa utengenezaji wa mbegu. Mtu hutafuta uanaume na kujifungia mlango wa ubaba.

Ikumbukwe pia kwamba udhaifu huo waweza kuwa tangazo la mapema la kisukari au la ugonjwa wa mishipa ya damu. Anayeuficha kwa vidonge vya mitaani anaweza kukosa nafasi ya kugundua ugonjwa wenyewe ungali mchanga. Daktari ataanza na maswali rahisi, likiwemo la usingizi. Hata hali ya mwili wakati wa kuamka asubuhi humsaidia kutambua kama tatizo limeanzia mwilini au katika hofu na mawazo. Vivyo hivyo, vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi, na kahawa ya usiku havimwondolei mtu deni la usingizi. Huahirisha malipo tu.

Kanisa linafundisha nini

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inafundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni vipaji vya thamani tulivyokabidhiwa na Mungu, navyo tunapaswa kuvitunza kwa kiasi, tukizingatia mahitaji ya wengine. Kuutunza usingizi, basi, si uvivu. Ni uwakili mwema. Kanisa lina mikesha yake, nasi tunaipenda. Lakini mkesha wa Pasaka ni usiku mmoja mtakatifu, wala si mtindo wa kuishi. Bwana wetu mwenyewe alikesha katika sala, naye pia alilala juu ya mto ndani ya mashua yenye kuyumba (Mk 4:38). Nabii Eliya, alipokata tamaa hata akaomba kufa, hakuanza kwa kuhubiriwa: Mungu alimwacha alale, akamlisha, akalala tena, ndipo akampa nguvu za safari (1 Fal 19:4-8).

Kuhusu wanandoa wasiojaliwa mtoto, Katekisimu inakiri kwamba mateso yao ni makubwa (namba 2374), inahimiza utafiti wenye lengo la kupunguza utasa (namba 2375), na inatukumbusha kwamba kutopata mtoto si uovu wa mwisho, kwa kuwa wanandoa hao wanaweza kuzaa matunda kwa kuwaasili watoto walioachwa au kwa kuwahudumia wengine (namba 2379). Kwa hiyo, kupimwa na kutibiwa si kukosa imani. Kanisa linakataa zile mbinu zinazochukua nafasi ya tendo la ndoa au kuhatarisha uhai wa kiinitete; halikatai tiba inayouponya mwili ili ufanye kazi yake. Kuhusu namna ya kupata sampuli ya mbegu kwa ajili ya kipimo, Papa Pius XII alilizungumzia suala hilo mwaka 1956, akikataa njia ya kujichua. Zipo njia zinazoheshimu tendo la ndoa. Wanandoa wasiogope kumwuliza daktari, na kumwona padre wao kwa ushauri.

Tena, neno moja kwa ndugu na wazazi wa wanandoa. Ndoa ya Kikristo haivunjiki kwa kukosa mtoto. Elkana alimpenda Hana angali hajazaa (1 Sam 1:5). Mume Mkatoliki anayesimama mbele ya ndugu zake na kusema “tatizo hili ni letu sote, nami nitapimwa” anaihubiri Injili kwa sauti kuliko wengi wetu mimbarini.

Tufanye nini

Kwanza, mwanaume ajiwekee saa ya kulala na saa ya kuamka, na azishike kadiri ya uwezo wake hata siku za mapumziko. Wataalamu wanapendekeza mtu mzima alale angalau saa 7. Mechi za ligi za Ulaya na simu kitandani zimewaibia wengi saa hizo bila wao kujua.

Pili, simu iwekwe mbali na mto. Mwanga wake huuchelewesha mwili kuingia usingizini, na habari zake huutia moyo mashaka. Familia ikusanyike kwa sala ya jioni. Kila mmoja achunguze dhamiri yake, wasameheane, na mambo ya kesho wamwachie Mungu. Mume na mke wakilala na kinyongo, hata saa 8 haziwatoshi.

Tatu, apunguze pombe, hasa nyakati za usiku. Pombe humlaza mtu upesi, lakini huukatakata usingizi wake na kuzidisha kukoroma.

Nne, wanandoa waliotafuta mtoto kwa mwaka mmoja bila mafanikio waende hospitali wote wawili, siku moja, na mume apimwe mapema. Mke akiwa amefikisha miaka 35, wasingoje mwaka uishe. Miezi 6 yatosha.

Tano, anayekosa usingizi kwa wiki nyingi, au mwenye huzuni isiyokwisha, asijifiche. Atafute daktari, na ampate mtu wa kumsikiliza. Padre wako yupo kwa ajili hiyo pia.

Mwisho, tumtazame Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa familia. Maagizo makubwa ya maisha yake, kumpokea Maria na kumkimbiza Mtoto Misri, aliyapokea akiwa amelala. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, akizungumza na familia mjini Manila, Ufilipino, tarehe 16 Januari 2015, alisimulia kwamba mezani pake aliweka sanamu ya Yosefu aliyelala, na kwamba alipokuwa na shida aliiandika kwenye karatasi na kuiweka chini ya sanamu hiyo. Yosefu alilala kwa sababu alimwamini Mungu, kisha akaamka na kutenda. Akina baba wa jimbo letu, mwigeni: laleni mkimwamini Mungu, amkeni mkatende yaliyo wajibu wenu.

Mtakatifu Yosefu, mume wa Bikira Maria, aziombee ndoa zote zinazongoja mtoto, na Mwenyezi Mungu awajalie pumziko la mwili na amani ya moyo. Amina.